UZI: Nge, papasi, nyuki na buibui majumbani mwetu huku Kusini: tuwatambue, na tuache kuingiza sumu ya mikorosho chumbani

Mtoa mada (Mikindani)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mvua za kwanza zimeanza kushuka huku Mtwara, magunia ya korosho katika nyumba nyingi bado hayajapelekwa chama cha msingi, na kama ilivyo kila mwaka wakati huu, makundi ya simu ya mtaani yamejaa picha za wadudu waliokutwa chumbani. Kila picha hufuatwa na swali la kama mdudu huyo anaua, na majibu huwa mawili tu. La kwanza ni "piga dawa", na dawa inayokusudiwa ni ile iliyobaki baada ya kupulizia mikorosho. La pili ni "huyo hana neno, mponde tu kwa kiganja". Nimefungua uzi huu kwa sababu majibu yote mawili yanaumiza watu, na binafsi naliogopa lile la kwanza kuliko ninavyomwogopa nge.

Nianze na huyo nge, maana ndiye anayeulizwa sana. Nge hamfuati mtu. Anatafuta mahali pakavu, penye giza na upenyo wa kujibana, na mvua inapojaza maji mashimo yake huhamia kwetu: chini ya gunia lililolala sakafuni, katikati ya kuni zilizopangwa ukutani, ndani ya kiatu cha shule kilichoachwa barazani, au kwenye makuti yaliyoanza kuoza. Ukiinua gunia taratibu kwa fimbo utamwona amelala bapa, mkia ameukunjia ubavuni, na rangi yake imekaribiana mno na ya vumbi kiasi kwamba jicho humpita. Mkia wenyewe huuinua pale anapoguswa. Ndiyo maana wengi huchomwa vidoleni au miguuni, kwa kuwa mkono au mguu ulitangulia mahali ambapo macho hayajafika.

Kuhusu hatari yake, ukubwa unadanganya, kwa hiyo tazama mkia na magando. Nge mwenye mkia mnene na magando membamba, kama wale wa jamii ya Parabuthus wanaopatikana mashariki na kusini mwa Afrika, ndiye wa kuogopwa hata akiwa mdogo. Nge mkubwa mweusi, mwenye magando manene kama ya kaa na mkia mwembamba, hutia watu hofu nyingi, lakini sumu yake kwa kawaida huishia kwenye maumivu ya pale alipochoma. Kanuni hii haimpi mtu ruhusa ya kumshika yeyote kati yao. Inasaidia tu kupima uharaka. Kwa mtoto mdogo hakuna kupima, kwani akichomwa na nge wa aina yoyote anapaswa kufikishwa hospitali.

Ipo njia ya kumtafuta ambayo wengi hawaitumii. Gamba la nge hung'aa rangi ya kijani inayoelekea buluu likimulikwa na mwanga wa urujuanimno, na vile vitochi vidogo ambavyo wenye maduka huvitumia kukagua noti bandia hutoa mwanga huo huo. Zima taa, pitisha kitochi nyuma ya kabati, chini ya kitanda na kwenye pembe za stoo, na kama yupo utamwona bila kusogeza kitu chochote kwa mkono. Baada ya hapo unaweza kumfunika kwa bilauri, ukapitisha kadi ngumu chini yake na kumtupa mbali, au ukampiga kwa kandambili. Sitabishana na mtu mwenye watoto wanaotambaa.

Wa pili ni yule mdudu mwembamba mwenye pingili za rangi ya chungwa na nyeusi, asiyezidi sentimita moja, ambaye wengi humwita nairobi flai. Huyu haumi wala hachomi. Sumu yake imo katika majimaji ya mwili wake, nayo humtoka anapopondwa juu ya ngozi, hivyo anayempiga kofi shingoni ndiye anayejipaka sumu mwenyewe. Haiwashi papo hapo. Ni baada ya siku moja au mbili ndipo ngozi huwa nyekundu na kutoa malengelenge, na mtu akijifikicha kwa mkono ule ule, macho nayo huvimba. Mpulize aruke, au mtegee karatasi apande umtoe, kisha osha mahali alipopita kwa sabuni na maji mengi. Kwa kuwa hufuata mwanga, kuzima taa ya barazani mapema na kulala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri hupunguza tatizo bila gharama yoyote.

Buibui nitawapitia haraka, kwa sababu wanasingiziwa mengi. Yule bapa mwenye miguu mirefu, anayekimbia kiubavuubavu ukutani usiku, hana madhara kwa binadamu na hutusaidia kwa kula mende. Wa kumwangalia ni mmoja mdogo wa kahawia, mwenye tumbo la mviringo na alama ya rangi ya chungwa upande wa chini, ambaye hujenga utando uliovurugika chini ya viti vya plastiki, kwenye mdomo wa ndoo zisizotumika na ndani ya matairi ya zamani. Hakuna atakayegeuza kila kiti kukagua tumbo la buibui, lakini mfuko wake wa mayai humfichua: ni kidonge cha rangi ya maziwa, kidogo kuliko korosho, chenye vijiba vidogo vidogo pande zote. Ukiuona, ondoa utando wote kwa ufagio wenye mpini, na watoto waelezwe wasishike viti kwa kuingiza vidole chini ya ukingo. Kuuma kwake hutokea hasa anapobanwa, na mara nyingi huleta maumivu ya kawaida, ingawa wapo ndugu zake weusi ambao sumu yao hukaza misuli ya tumbo na kumtoa mtu jasho jingi.

Anayesahaulika kabisa ni papasi, mdudu wa jamii ya kupe. Huyu huishi kwenye nyufa za sakafu ya udongo na za kuta za miti, hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurudi ufani kabla ya mtu kuamka, bila kuacha maumivu ya kumshtua aliyelala. Kinachobaki ni homa inayopanda kwa siku kadhaa, ikatulia, kisha ikarudi, na ambayo nyumbani huitwa malaria na kunywewa dawa ya mseto. Si jambo jipya, kwani daktari Mjerumani Robert Koch alimchunguza papasi katika nchi hii mwaka 1905, enzi za Wajerumani. Mwenye homa ya kwenda na kurudi, ambaye kipimo kimeonesha hana malaria, amweleze daktari kwamba analala katika nyumba ya udongo, kwa sababu homa ya papasi hutibiwa kwa antibiotiki na huwa mbaya zaidi kwa mjamzito na mtoto mchanga. Nyumbani, kuziba nyufa kwa udongo uliokandwa vizuri au kwa lipu, na kulala kwenye kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta badala ya mkeka, husaidia kuliko kupulizia ovyo.

Sasa tuje kwenye sumu. Viuatilifu vya mikorosho vimetengenezwa kwa ajili ya shamba la wazi, ambako jua na upepo huvipunguza. Ndani ya chumba chenye kidirisha kimoja hubaki kwenye godoro, kwenye nguo na kwenye sufuria kwa muda mrefu, na anayevipokea zaidi ni mtoto anayetambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni. Salfa ya unga ni dawa ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na ukiimwaga pembeni mwa kitanda utaamka macho na kifua vinakuwasha huku nge akiwa salama alikojibana. Hata ile dawa ya maji haimwui nge upesi. Humtoa mafichoni akitangatanga chumbani, jambo ambalo ni hatari zaidi kuliko alipokuwa ametulia. Kisha kuna chupa ya soda iliyojazwa dawa na kuwekwa dirishani, ambayo sihitaji kuieleza zaidi. Anayehitaji dawa anunue ile iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania kwa matumizi ya nyumbani, asome lebo yake, na aiache ndani ya chombo chake.

Karibuni tujadili.

Mkulima wa Tandahimba

Mtoa mada, nakushukuru kwa maelezo, hasa hilo la kitochi cha noti ambalo nitalijaribu leo hii. Hata hivyo, katika suala la sumu naona unazungumza ukiwa mbali na stoo yangu. Dawa ya kopo ya dukani haimalizi wiki mbili katika nyumba ya vyumba vinne, wakati ile ya mikorosho ipo tayari na nimekwisha kuilipia. Sisi hupulizia jioni, tunafunga milango, tunalala kwa jirani, na kesho yake tunarudi. Tumefanya hivyo tangu wakati wa marehemu baba na hakuna aliyekufa. Naomba unieleze, kaka yangu, ni hatari ya kweli au ni tahadhari za watu wa mjini?

Mtoa mada (Mikindani)

Kaka, nashukuru kwa kuuliza waziwazi, kwa kuwa wengi hufanya hivyo hivyo na kunyamaza. Kutokufa si kipimo kinachotosha. Baadhi ya dawa za kuua wadudu wa shambani hushambulia mishipa ya fahamu, na dalili zake ni mate na jasho jingi, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo sana, misuli kuchezacheza na pumzi kubana. Mtu akiamka na kichwa kinachouma na kichefuchefu katika chumba kilichopuliziwa jana, kwa kawaida husema ni uchovu wa shamba. Mwili wake unaweza kuwa unaeleza jambo jingine. Isitoshe, katika stoo hiyo hiyo zimo korosho utakazouza na mahindi mtakayokula.

Ningekuwa na stoo kama yako, ningeanza na magunia. Yainue juu ya chaga za mbao kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni, na uyaache mbali na ukuta kwa nafasi ya mtu kupita na ufagio, kwa sababu nge, papasi na panya wote wanategemea ule upenyo ambao hakuna anayeufagia. Kuni zitoke ndani, zikae nje juu ya mawe. Uwazi wa chini ya mlango uzibwe kwa kipande cha mpira wa tairi. Anayehamisha magunia avae viatu na glavu ngumu, na gunia livutwe kwa kulabu au liviringishwe kuelekea upande wa pili, ili kilicho chini yake kisitokee miguuni pake.

Jambo jingine ambalo halimo stoo ila linahusiana: ukiwakuta maji moto, wale sisimizi wekundu wa majani, kwenye mkorosho wa uani, usiwapulizie kwa sababu tu wamewauma watoto. Hao huwinda mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wamekuwa wakiwachunguza kama walinzi wa zao hili. Kata tawi linalogusa paa, inatosha.

Muuguzi Mstaafu (Lindi)

Wanangu, mtoa mada ameeleza vizuri namna ya kujikinga, na mimi naomba nizungumzie yule aliyekwisha kuumwa, kwa sababu katika miaka yangu ya wodini nilipokea wagonjwa wengi ambao huduma ya nyumbani ndiyo iliyowaumiza.

Aliyechomwa na nge aketishwe na atulizwe. Mahali palipochomwa paoshwe kwa maji na sabuni, pete na bangili zivuliwe mapema kabla ya uvimbe kuzibana, pawekwe kitambaa chenye maji baridi, na apewe parasetamo kwa kipimo cha umri wake. Yanayofuata yasifanywe hata akihimiza mzee wa kuheshimika: kuchanja kwa wembe, kunyonya kwa mdomo, kufunga kamba ya kukaza, kupaka mafuta ya taa au petroli, kuchoma kwa kaa la moto, kubandika jiwe jeusi linalosemekana kuvuta sumu, na kumshikisha mtu waya wa plagi ya pikipiki. Sumu iliyokwisha kuingia haitolewi kwa njia yoyote kati ya hizo, ila kidonda, pepopunda na kuungua huongezeka juu yake.

Dalili za kuondoka nyumbani mara moja ni mate kumtiririka mgonjwa, kushindwa kumeza, kuhangaika bila kutulia, macho kuzungukazunguka, kutapika mfululizo, misuli kukakamaa na kupumua kwa shida. Mkiziona, msisubiri kupambazuke. Mkiweza, pigeni picha ya nge, lakini msimletee daktari nge akiwa hai ndani ya mkoba, jambo ambalo limenikuta na silitamani tena.

Tandu huuma kwa maumivu makubwa, lakini ni nadra kuleta hatari kwa mtu mzima. Wengi hupata nafuu kwa kutumbukiza mahali pale katika maji ya moto yanayovumilika, baada ya mtu mwingine mwenye ngozi isiyoumwa kuyapima kwanza kwa mkono wake. Jongoo hana meno ya kuwadhuru, bali majimaji yake huunguza, kwa hiyo mtoto aliyemchezea aoshwe mikono kabla hajagusa macho.

Kuhusu "kidonda cha buibui", vidonda vingi vilivyoletwa kwangu kwa jina hilo vilikuwa majipu ya kawaida yaliyohitaji kusafishwa na antibiotiki. Kama hamkumwona buibui akiuma, msimtaje kwa uhakika, maana mnaweza kumpeleka mganga kwenye njia isiyo yake.

Mama wa Nachingwea

Shikamoo mama muuguzi. Mimi nina mtoto wa miezi mitatu, na nyumba yetu ipo karibu na bonde ambalo siafu hupita kila mvua zikizidi. Mume wangu yupo safari na jirani ameniambia nimwage mafuta ya taa chumba kizima. Naomba ushauri kabla hawajafika.

Babu wa Ruangwa

Binti yangu, mafuta ya taa na kibatari katika nyumba yenye mtoto ni balaa kubwa kuliko hao siafu. Ukiwaona wameshaingia, mchukue mtoto kwanza, mkung'ute nguo zake zote nje, kisha mfungulie mbuzi na kuku banda, kwa sababu mnyama aliyefungwa na mtoto aliyelazwa peke yake ndio wanaodhurika. Nenda kwa jirani. Siafu hawahamii ndani; hupita, na kwa kawaida baada ya saa kadhaa huondoka, wakiwa wamekula mende, viota vya panya na hata nge waliojificha. Wazee wetu waliwaachia nyumba, wakarudi kuikuta safi. Kama msafara bado uko nje, majivu makavu yaliyomwagwa kwa mstari mpana mbele ya kizingiti huweza kuwageuza, ingawa mvua ikiyalowesha hayana kazi tena. Usiku usimlaze mtoto chini katika kipindi hiki, na chandarua chake kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Fundi Bati (Lindi Mjini)

Nashukuru kwa uzi huu. Nina kazi ya kubadili bati la nyumba moja huku Lindi, na mwenye nyumba ameniambia kuna nyuki darini ila "ni wapole". Anataka nianze kesho asubuhi. Nimewaza kuwachoma kwa moshi wa tairi usiku huu. Wenye uzoefu mnasemaje?

Mtoa mada (Mikindani)

Fundi, usianze, na tairi uliache lilipo. Nyuki wetu huwa wapole mpaka nyundo ya kwanza itakapogonga, kwa sababu mtikisiko huwashtua, na nyuki mmoja akichoma huacha harufu inayowaita wenzake. Ukiwa juu ya paa hutakuwa na mahali pa kukimbilia isipokuwa chini. Moto darini, juu ya mbao kavu na utando wa miaka mingi, utamaliza nyumba ya watu. Mwambie mwenye nyumba amtafute afisa nyuki wa halmashauri au mfugaji nyuki mwenye vazi na bomba la moshi, waje jioni, watoe masega yote na kuziba tundu, kwani wakiondolewa nyuki na masega yakabaki, kundi jingine litafuata harufu ile ile. Ikiwa ni kundi lililotua tu kwenye tawi bila kujenga, mara nyingi huondoka lenyewe baada ya siku chache na halihitaji kuguswa.

Wakikurupuka, funika uso kwa shati au kanga na ukimbilie ndani ya nyumba au gari na kufunga, wala usiruke kwenye maji. Miiba itolewe haraka iwezekanavyo kwa kukwangua kwa ukucha au kadi, kwa kuwa kifuko chake huendelea kusukuma sumu hata nyuki akiwa ameshakufa. Mama muuguzi ataongezea.

Muuguzi Mstaafu (Lindi)

Nitaongeza mawili. Mtu anayevimba midomo na ulimi, kutoka vipele mwili mzima, kupumua kwa mlio au kuzimia ndani ya dakika chache baada ya kuchomwa, hata na nyuki mmoja, anahitaji sindano ya adrenalini, na kila dakika ina thamani. Alazwe miguu ikiwa juu kidogo, au akae kama pumzi imembana, mkiwa njiani. La pili ni aliyechomwa na nyuki wengi. Huyo apelekwe hospitali hata akisema yu mzima, kwa sababu figo huweza kuathirika baadaye.

Mwalimu wa Newala

Naona uzi umejaa nge na nyuki, na nasikitika kwamba mdudu mwenye madhara makubwa kuliko wote hajatajwa ipasavyo. Mtwara bado ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Hata hivyo, mimi nataka kumzungumzia mbu wa mchana. Mwaka 1952 ugonjwa wa chikungunya, homa ya maumivu makali ya viungo inayoenezwa na mbu, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa kwetu katika uwanda wa Makonde, na uchunguzi wa wakati ule ulimkuta mbu wa jamii ya Aedes akizaliana ndani ya vyombo vya maji vilivyowekwa majumbani. Sababu ilikuwa shida ya maji: yalitoka mbali, yakatunzwa ndani kwa siku nyingi.

Shida hiyo baadhi yetu bado tunayo, na vyombo vimebadilika tu kutoka mitungi kuwa mapipa na madumu yaliyokatwa. Mbu huyu hung'ata mchana, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Mayai yake hunata ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yanapoongezwa, kwa hiyo kumwaga maji bila kusugua chombo ni kazi nusu. Kila wiki pipa lisuguliwe kwa brashi, lifunikwe kwa mfuniko au kitambaa kilichofungwa kwa mpira, na vifuu vya nazi vilivyozagaa uani vikusanywe vichomwe au vifunikiwe kifudifudi.

Kijana wa Mtwara Mjini

Samahani kwa swali la pembeni. Mdogo wangu ameingiwa na mende sikioni usiku huu, analia, na rafiki yake anataka kumtoa kwa njiti ya kiberiti. Tufanye nini?

Muuguzi Mstaafu (Lindi)

Mwanangu, njiti iwekwe chini sasa hivi, kwani itamsukuma ndani na inaweza kutoboa ngoma ya sikio. Kama sikio halikuwa likitoa usaha au damu na hana historia ya ngoma kutoboka, mlaze ubavu, sikio lenye mdudu likiwa juu, na umdondoshee mafuta ya kula yaliyo vuguvugu kidogo, si ya moto, mpaka tundu lijae. Mende atakufa na kelele zitakoma, jambo litakalompa mtoto utulivu. Baada ya dakika chache mgeuze mafuta yamwagike. Mende akitoka nayo, vema, na asipotoka mwacheni alivyo, asubuhi mpelekeni mtoto kituo cha afya wamtoe mdudu kwa vifaa. Msitie mafuta ya taa wala dawa ya kupulizia sikioni. Nijulishe mtakapomaliza.

Kijana wa Mtwara Mjini

Ametulia, mama. Hajatoka bado, ila ameacha kulia. Kesho saa mbili tutakuwa kituoni.